Je, dx ya juu na dx ya chini zinakatana?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha sita, mchepuo wa PCM, naishi Kimara. Mwalimu wetu wa tuisheni alianza na a = dv/dt, akaandika a = (dv/dx)(dx/dt), akasema dx ya juu na dx ya chini zinakatana, kwa hiyo a = v dv/dx. Halafu akaihamishia dx upande wa pili, akaintegreti, ikatokea v² = u² + 2as. Kaka yangu anayesoma uhandisi pale Mlimani anasema huo ni uchawi, dx si namba na haikatwi. Nani yuko sahihi? Na kama inakatwa kweli, mbona nilipojaribu kuigeuza d²x/dt² juu chini nilikosa hesabu nzima?"

Marahaba, binti. Wote wawili wako sahihi, ila kila mmoja amekupa nusu ya maelezo. Mwalimu wako amefanya jambo halali bila kukuonyesha sababu. Kaka yako ameona sababu haipo, akadhani jambo lenyewe halifai. Nitaanza na kitu ambacho wote wawili hawakukigusa, maana nadhani ndipo ulipokwama: katika mstari ule mmoja, herufi v, yaani kasi, imetumika kwa maana mbili. (Herufi nyingine: a ni mchapuko, yaani kasi inavyobadilika kila sekunde, x ni mahali, t ni muda, u ni kasi ya mwanzo, s ni umbali.)

Panda mwendokasi hapo kwenu Kimara, ukae mahali unapoweza kuuona mshale wa kasi wa dereva. Shika madaftari mawili. La kwanza liite daftari la saa: kila sekunde zikipita, unaandika kasi. La pili liite daftari la njia: kila mita zikipita, unaandika kasi. Basi ni hilo hilo, dereva ni huyo huyo, mshale ni huo huo, lakini unajaza orodha mbili tofauti.

Tuchukulie basi linaondoka kituoni kwa mchapuko usiobadilika wa mita 1 kwa sekunde kwa sekunde, kiasi ambacho abiria aliyesimama anahimili akishika bomba vizuri. Daftari la saa litasomeka hivi: sekunde ya 2, kasi ni mita 2 kwa sekunde, sekunde ya 4, kasi 4, ya 6, kasi 6, ya 8, kasi 8, ya 10, kasi 10, yaani kilomita 36 kwa saa. Daftari la njia litasomeka: mita ya 2, kasi 2, mita ya 8, kasi 4, mita ya 18, kasi 6, mita ya 32, kasi 8, mita ya 50, kasi 10.

Orodha ya kwanza ni v = t. Orodha ya pili ni v = √(2x). Hizi ni fankisheni mbili tofauti kabisa, na ukizichora, ya kwanza ni mstari ulionyooka na ya pili ni mkunjo unaopanda kwa pupa mwanzoni kisha unazidi kulala. Sisi walimu wa fizikia tuna uvivu wetu: zote mbili tunaziita v. Mtu wa hesabu tupu angezipa herufi mbili, na angekuwa na haki.

Sasa dv/dt ni derivativu ya daftari la saa. Kasi inaongezeka kwa kiasi gani kila sekunde? Kwa 1, mwanzo hadi mwisho. Na dv/dx ni derivativu ya daftari la njia: kasi inaongezeka kwa kiasi gani kila mita? Hapa jibu halitulii. Katika mita 2 za kwanza kasi imepanda kutoka 0 hadi 2. Lakini kutoka mita ya 32 hadi ya 50 basi limemeza mita 18 kupata ongezeko lile lile la 2. Ni rahisi kuona kwa nini: basi likishakuwa na kasi, mita inapita upesi, na ndani ya mita moja hakuna muda wa kutosha wa kuongeza mwendo.

Difarenshieti √(2x) utapata dv/dx = 1/√(2x). Kwenye mita ya 2 hiyo ni 0.5, kwenye mita ya 50 ni 0.1. Zidisha kila moja kwa kasi ya mahali pake: 0.5 × 2 = 1, na 0.1 × 10 = 1. Mchapuko umerudi, ule ule, katika sehemu zote mbili. Ndiyo maana ya a = v dv/dx. Daftari la njia linakwambia ongezeko la kasi kwa kila mita. V inakwambia mita ngapi zinapita kila sekunde. Ukizidisha, unapata ongezeko la kasi kwa kila sekunde. Hakuna kilichokatwa bado.

Vizio vyenyewe vinashuhudia. Kizio cha dv/dx ni mita kwa sekunde, gawanya kwa mita, inabaki "kwa sekunde" peke yake. Hicho si kizio cha mchapuko. Kila mwaka nasahihisha karatasi za mwanafunzi aliyepewa v = 3x + 2, akaambiwa atafute mchapuko, akaandika a = 3 kwa furaha. Amedifarenshieti daftari la njia akadhani ni la saa. Jibu ni a = v dv/dx = 3(3x + 2), na mchapuko huo unabadilika kila hatua. Kabla ya kudifarenshieti chochote, jiulize v uliyopewa imeandikwa kwenye daftari gani.

Turudi kwenye kukata. Chukua kipande kifupi cha safari, kisicho kifupi mno, unachoweza kukipima. Ndani yake kasi imebadilika kwa Δv, basi limesogea Δx, na muda uliopita ni Δt. Hizi ni namba za kweli. Kwa hiyo

Δv/Δt = (Δv/Δx) × (Δx/Δt)

ni hesabu ya sehemu ya shule ya msingi. Δx iliyo kwenye asili ya sehemu ya kwanza inakatana na Δx iliyo kwenye kiasi cha sehemu ya pili, na hata kaka yako hatapinga. Sharti ni moja: Δx isiwe sifuri. Baada ya kukata ndipo unaifanya Δt iwe ndogo, ndogo zaidi, ikielekea sifuri. Upande wa kushoto unaelekea dv/dt, na upande wa kulia zile sehemu mbili zinaelekea dv/dx na dx/dt. Kukata kulifanyika zamani, wakati vitu bado ni namba. Mstari wa mwalimu wako wenye dx zilizopigwa kalamu ni kumbukumbu ya tendo lililokwisha kufanyika kwenye Δx. Kanuni ya mnyororo ndilo jina lake rasmi.

Kaka yako naye ana ukoo mrefu wa watu wenye shaka kama yake. Leibniz, mmoja wa waasisi wa kalkulasi, aliandika dx kwenye karatasi zake mwaka 1675 na kuitangaza mwaka 1684, naye aliichukulia kama kiasi kidogo kupita kiasi ambacho unaweza kukigawa. Askofu George Berkeley alizikejeli hesabu za aina hiyo mwaka 1734: vitu hivi ni sifuri au si sifuri, chagueni! Hoja yake ilikuwa nzito, na ilijibiwa vizuri katika karne iliyofuata, mwanahisabati Cauchy alipoijenga kalkulasi juu ya kikomo, yaani thamani ambayo hesabu inaielekea. Miaka ya 1960 mwanahisabati Abraham Robinson akaonyesha kwamba hata namba ndogo za Leibniz zinaweza kuwekewa msingi imara wa kimantiki. Kwa hiyo usiwe mwepesi wa kuita uchawi. Maandishi ya Leibniz yameshinda kwa sababu yamepangwa kwa namna ambayo kanuni ya kweli inafanana na kukata sehemu.

Sasa lile sharti la Δx isiwe sifuri. Wengi hulipita, na lina mambo.

Rudi kituoni, sekunde ile basi linapong'oa gurudumu. Hapo x = 0 na v = 0. Derivativu ya daftari la njia, 1/√(2x), inakimbilia ukomo usio na mwisho, nawe unataka kuizidisha kwa kasi ya sifuri. Sifuri mara kitu kisicho na mwisho haina jibu, ilhali mchapuko upo na ni 1. Fomyula ya a = v dv/dx haina la kusema kwenye nukta hiyo moja.

Tatizo la pili ni la kitu kinachorudi kilikotoka. Rusha mpira juu kwa kasi ya mita 14 kwa sekunde, uchukue g = 9.8, upuuze hewa. Utapanda mita 10 kamili, maana 14² ni 196, na 196 ukigawa kwa 19.6 ni 10. Ulipofika urefu wa mita 7.5, kasi yake ilikuwa ngapi? v² = 196 − 147 = 49. Kwa hiyo 7 ukipanda, na −7 ukishuka. Daftari la njia lina majibu mawili kwenye mstari mmoja, na kitu chenye majibu mawili si fankisheni. Inabidi ulichane vipande viwili, kupanda na kushuka, na ufanye kila kimoja peke yake. Ndiyo sababu v² = u² + 2as haikwambii kamwe mpira unaelekea wapi. Alama ya kujumlisha au kutoa unaiweka wewe kwa kuangalia mwendo wenyewe.

Je, kuna njia ya kufika kule kule bila kuhofia sifuri? Ipo, na ningependa umwonyeshe kaka yako hii, maana haina dx hata moja inayokatwa. Difarenshieti ½v² kwa kufuata muda:

d/dt(½v²) = v dv/dt = v a = a dx/dt.

Integreti pande zote mbili kwa t, kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho. Kushoto unapata ½v² − ½u². Kulia, kama a haibadiliki, unapata a mara umbali, yaani as. Zidisha kwa 2 na umeipata v² = u² + 2as. Hakuna mahali tulipogawa kwa v wala kwa Δx, basi likiwa limesimama ni sawa, mpira ukirudi ni sawa. Na ile nusu, ambayo wanafunzi huniuliza imetoka wapi, imeletwa na v kujidifarenshieti: derivativu ya v² ni 2v dv/dt, kwa hiyo lazima uigawe kwa mbili ili ubaki na v dv/dt. Weka tungamo m mbele na unaona ½mv², nishati mwendo. Fomyula unayoikariri kwenye fizikia na ile ya kwenye hesabu ni mstari mmoja.

Kipeo cha pili kwenye v kina uzito wake barabarani. Basi linalokwenda mita 15 kwa sekunde, yaani kilomita 54 kwa saa, likifunga breki na kupunguza mwendo kwa mita 1.5 kwa sekunde kwa sekunde, litahitaji 225 ÷ 3 = mita 75 kusimama. Lingekuwa na nusu ya kasi hiyo, lingehitaji robo ya umbali, chini ya mita 19. Treni ya reli ya kisasa (SGR) inayotoka hapa Dar kwenda Morogoro na Dodoma hufika kilomita 160 kwa saa, sawa na mita 44.4 kwa sekunde. Tukichukulia, kwa mfano tu, kwamba inapunguza mwendo kwa mita 0.5 kwa sekunde kwa sekunde, itasimama baada ya karibu kilomita 2. Ukiona uzio mrefu kando ya reli ile, hesabu hiyo ni sehemu ya sababu.

Lakini kama ingekuwa ni kwa ajili ya v² = u² + 2as tu, nisingekusumbua na v dv/dx, maana mchapuko usiobadilika una fomyula zake nyingine. Faida yake inaonekana pale mchapuko unapotegemea mahali au kasi. Chukua kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni. Tuseme nahodha anazima injini kikiwa na kasi ya mita 4 kwa sekunde, na maji yanakizuia kwa nguvu inayolingana na kasi: a = −kv, ambapo k ni 0.05 kwa sekunde. Swali: kitasimama baada ya muda gani, na baada ya umbali gani?

Kwa daftari la saa: dv/dt = −kv, jibu lake ni v = 4e^(−0.05t). Hiyo haifiki sifuri kamwe. Baada ya dakika moja kasi imebaki takriban 0.2, na baada ya saa nzima bado kuna chembe ya mwendo. Kwa hesabu hii kivuko hakisimami milele.

Kwa daftari la njia: v dv/dx = −kv. Gawanya kwa v, jambo ambalo ni halali kwa sababu tumeshaona v haifiki sifuri, unabaki na dv/dx = −k. Kwa hiyo v = 4 − 0.05x, mstari ulionyooka! Kasi ingekuwa sifuri kwenye x = 80. Kivuko hakitavuka mita 80, ingawa kitachukua muda usio na mwisho kuzikamilisha. Baada ya ile dakika moja kimeshapita mita 76, na mita 4 zilizobaki ndizo zinazokula milele yote. Majibu mawili yanayoonekana kugombana ni mwendo mmoja uliosomwa kwenye madaftari mawili. Ukimpa mtu moja tu kati ya hayo, hajaujua mwendo wa kivuko.

(Nahodha wa kweli atarudisha injini nyuma, bila shaka. Na kwa chombo kikubwa kizuizi cha maji huelekea zaidi kulingana na v². Jaribu hiyo: utapata dv/dx = −cv, na sasa mambo yanabadilika, umbali ndio hauna mwisho. Nguvu nyingine ndogo ndogo ndizo zinazomaliza kazi.)

Mfano huu una jamaa yake katika historia. Galileo, katika barua aliyomwandikia Paolo Sarpi mwaka 1604, aliamini kwamba kitu kinachoanguka hupata kasi inayolingana na umbali kilioshuka: v = kx. Yaani alinyoosha mstari kwenye daftari la njia. Tumia fomyula yako: a = v dv/dx = kx × k = k²x. Kwenye x = 0, pale jiwe linapoachiwa, kasi ni sifuri na mchapuko ni sifuri. Jiwe lingening'inia hewani. Ukitazama vizuri, hicho ni kivuko chetu kwa kurudi nyuma: kule mita zilizobaki zilichukua muda usio na mwisho kuisha, huku mita ya kwanza ingechukua muda usio na mwisho kuanza. Galileo alijirekebisha, na kitabu chake cha 1638 kinasema kasi inalingana na muda. Kwenye daftari la njia hiyo inakuwa √x, ule mkunjo wa basi letu. Kama kichwa cha Galileo kiliweza kuchanganya madaftari haya, wewe usijilaumu.

Umebaki na swali la d²x/dt². Hapa kaka yako ana haki yote. dx/dt unaweza kuigeuza: dt/dx = 1/v, mradi v si sifuri, kwa sababu Δt/Δx kweli ni kinyume cha Δx/Δt. Lakini d²x/dt² haikutokana na sehemu moja yenye d²x juu na dt² chini. Ni amri iliyotolewa mara mbili: difarenshieti kwa t, kisha difarenshieti tena kwa t. Ile 2 ya juu inahesabu amri, na amri haigeuzwi juu chini.

Ukitaka d²t/dx², ianze upya. dt/dx = 1/v, sasa difarenshieti kwa x:

d²t/dx² = −(1/v²) dv/dx.

Na dv/dx ni a/v, kutokana na fomyula yetu. Kwa hiyo d²t/dx² = −a/v³. Linganisha na 1/a uliyoandika wewe, hazina hata undugu.

Ipime kwa basi letu. x = ½t², kwa hiyo t = √(2x), dt/dx = 1/√(2x), na d²t/dx² = −1/(2x)^(3/2). Kwenye mita ya 50, hiyo ni −1/1000. Fomyula inasema −a/v³ = −1/10³ = −1/1000. Alama ya kutoa ina maana yake: basi likiwa linaongeza kasi, kila mita inayofuata inachukua muda mfupi kuliko iliyotangulia.

Kwenye karatasi ya mtihani, andika a = dv/dt = (dv/dx)(dx/dt) = v dv/dx, na pembeni yake "kwa kanuni ya mnyororo, v ≠ 0". Usipige kalamu dx. Ukihamisha dx na kuandika v dv = a dx, hakikisha mipaka ya kuintegreti inaoana: kasi uliyoiweka chini kushoto iwe ni kasi ya mahali ulipopaweka chini kulia. Na jaribio la nyumbani kwa ajili yenu wawili, wewe na kaka: a = −9x, kitu kinaachiwa kwenye x = 2 kikiwa kimetulia. Tafuteni v kwenye x = 0, mwambie yeye aanze na v dv/dx, wewe uanze na d/dt(½v²). Mkitofautiana alama, mmoja wenu amesahau kitu kinaelekea upande gani.